Klima inawaka na kuzima ovyo wakati wa baridi: ni namba uliyoweka, ni ulinzi, au ni umeme?

Mwezi wa sita ukiingia Lubumbashi, klima (viyoyozi) zilizokuwa zimelala tangu mvua ikatike zinageuzwa upande wa joto, na simu za mafundi hazipoi. Malalamiko hayabadiliki: inawaka kidogo, inazima, inawaka tena, inazima. Jibu nalo limezoeleka: "Papa, gazi ilishaisha." Mteja analipa, gazi (ile inayobeba joto ndani ya mabomba) inaongezwa, kesho yake klima inawaka na kuzima vilevile.

Klima nyingi zinazolalamikiwa hivyo ni nzima. Zimetii namba iliyowekwa kwenye telekomande, ila zinapima joto kule juu karibu na dari, wakati mwenye nyumba amekaa chini kwenye kochi anatetemeka. Nyingine zimejizima zenyewe ili zisiungue. Nyingine zimezimwa na umeme. Kila moja ina dawa yake, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumjua aliyezima.

Ninaongelea klima za ukutani zenye mashine mbili, ya ndani na ya nje, zinazoweza kugeuza kazi: mwezi wa kumi zinatoa joto nje, mwezi wa sita zinaliingiza. Hazichomi waya kama hita. Zinachota joto lililomo kwenye hewa ya nje, hata hewa hiyo ikiwa ya baridi, na kulisukuma ndani. Ndiyo maana kwa kila kilowati moja ya umeme, klima nzuri inaweza kuingiza chumbani kilowati tatu za joto au zaidi. Watengenezaji wanapima uwezo huo nje kukiwa na digrii 7 na ndani 20, hali ambayo haiko mbali na alfajiri yetu ya mwezi wa saba.

Tazama taa kwanza

Klima ikizima, usikimbilie telekomande. Simama mbele ya mashine ya ndani, tazama taa yake.

Taa ikiwa imetulia, namba inaonekana kama kawaida, na feni ya ndani imepunguza mwendo au imesimama, basi ni themostati: mashine inaamini chumba kimefika pale ulipotaka. Taa ikimemeteka, au pakatokea herufi na namba kama E1 au F2, mashine imejilinda. Andika alama hiyo kabla hujagusa kitu, maana ukizima na kuwasha mara nyingi inafutika. Na taa ikiwa imekufa kabisa, halafu baadaye mashine inalia "pii" na kurudi, umeme ulikatika kabla ya kufika kwenye klima, na hakuna fundi wa gazi atakayekusaidia.

Chukua pia simu yako upime muda, dakika ngapi inafanya kazi na ngapi inapumzika. Klima isiyo ya inverta, yaani isiyoweza kubadilisha mwendo wa kompresa, inayofanya kazi dakika 15 na kupumzika 10 haina tatizo. Inayofanya kazi dakika 3 na kuzima, kila mara dakika 3, ina kitu.

Namba ya telekomande inafanya nini hasa

Kompresa, yaani pampu inayosukuma gazi kwenye mashine ya nje, kwa klima ya kawaida ina hali mbili tu: inafanya kazi yote au haifanyi kitu. Ukiweka 22, haitoi "joto la digrii 22". Inasubiri hewa inayoipima ishuke digrii moja hivi chini ya namba yako, inawaka. Hewa ikipita namba hiyo kwa digrii moja au zaidi, inazima. Nafasi hiyo kati ya kuwaka na kuzima imewekwa kwa makusudi. Bila hiyo kompresa ingewaka na kuzima kila dakika, na kila kuwaka kunavuta umeme mara kadhaa kuliko wakati inapotembea.

Tena, ikishazima inafungwa kwa dakika 3 hivi ili msukumo wa gazi ulingane pande zote mbili. Mtu anabonyeza, anabonyeza, anasema telekomande imekufa. Asubiri.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba kuweka 30 ili "ipashe haraka" ni bure. Namba ile ni kama kumwambia dereva wa taksi-bisi kituo utakachoshukia, haimwongezei mwendo. Klima isiyo ya inverta inatoa joto lilelile ukiweka 24 au 30, tofauti ni pale inaposimama. Ya inverta inabadilisha mwendo wa kompresa, ni kweli, lakini chumba kikiwa chini ya namba yako kwa digrii chache tu tayari inakimbia kwa nguvu zake zote. Ukiweka 30 utakachopata ni kuamka saa nane usiku umelowa jasho, unazima, unalala, na alfajiri unaamka na baridi.

Inverta pia zina mpaka wa chini. Zinaweza kupunguza mwendo hadi robo hivi ya uwezo wake, si zaidi. Chumba kidogo kikihitaji joto dogo kuliko hilo, nayo italazimika kuzima na kuwaka. Mtu aliyeuziwa klima ya BTU 18000, yaani kama kilowati 5.3, kwa chumba cha mita tatu kwa nne, ataiona inazima mara kwa mara maisha yake yote. Dukani huambiwa "kubwa ndiyo nzuri". Kwa chumba hicho 9000 ingetosha.

Inazima mapema, taa imetulia, na bado unasikia baridi

Hii ndiyo kesi ya kila siku, na ina sababu zaidi ya moja.

Sensa ya joto la chumba iko ndani ya mashine, mahali inapovutia hewa, kwa kawaida nyuma ya filta. Mashine yenyewe imetundikwa juu, na hewa ya moto hupanda. Kwenye nyumba za zamani za katikati ya mji, zenye dari ndefu, tofauti inakuwa kubwa. Weka kipimajoto cha bei ndogo juu ya kabati, kisha uweke mezani. Kukuta juu 25 na mezani 20 si ajabu. Klima imeona 25. Wewe uko kwenye 20.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, kwa hiyo nyingi zikiwa upande wa joto zinajiongezea digrii mbili, tatu, hata nne kimyakimya: umeweka 22, lakini hazizimi mpaka sensa ione 25. Chumba chenye dari fupi kinapata joto la kuzidi, chenye dari ndefu hakipati la kutosha. Ndiyo maana jirani mwenye klima ya aina moja na yako anaweka 21 anastarehe, na wewe kwenye 24 bado umevaa pulova. Msigombane juu ya namba. Pimeni mezani, kila mtu kwake.

Rekebisha hivi. Elekeza mapezi ya kutolea hewa chini kabisa, si mbele kama wakati wa joto. Feni iweke ya kati au ya juu; feni ndogo inaacha joto lote likae juu, na sensa inaridhika haraka. Kisha panda digrii moja, subiri nusu saa, panda nyingine ikihitajika. Baadhi ya telekomande zina kitufe kinachoifanya telekomande yenyewe iwe kipimajoto, mara nyingi kimeandikwa "I feel" au "Follow me". Kinafaa sana kwa dari ndefu, mradi telekomande ikae pale unapokaa. Ukiiacha dirishani ikapigwa na jua la mchana, au karibu na mbabula (jiko la makaa), itaidanganya mashine.

Na kwa kuwa nimetaja mbabula: makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gazi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Klima ikishindwa usiku, ongeza blanketi. Mbabula ibaki nje.

Sasa ile kesi ya dakika 3. Jaribu hivi: weka 30 asubuhi na mapema, chumba kikiwa baridi kweli. Ikizima tena baada ya dakika zilezile, namba yako haihusiki. Zima umeme wa klima ukutani, fungua kifuniko cha mbele, toa filta, utazame mbele ya koili (mabomba ya shaba yenye mapezi membamba ambamo gazi inapita), mara nyingi upande wa kulia. Utaona kitu cheusi kidogo kama punje ya hindi chenye nyaya mbili nyembamba. Kinatakiwa kukaa kwenye kishikizo chake cha plastiki, kikiwa kimeachana na koili, kikipigwa na hewa. Mara nyingi aliyeosha klima alikichomoa akasahau kukirudisha, nacho kimelala juu ya mapezi ya koili. Wakati wa kupasha, koili inafika digrii 40 ndani ya dakika chache, sensa inaona 40, na mashine inasema chumba kimeungua. Kirudishe kwenye kishikizo, umemaliza, hujalipa hata franka moja.

Kuna sensa ya pili, imeingizwa kwenye kibomba cha shaba kilichochomelewa kwenye koili. Hiyo iko mahali pake, usiichomoe. Mwenye mita ya umeme anaweza kuzipima zote: nyingi zina kiloomu 10 kwenye digrii 25, nyingine 5, 15 au 20, na upinzani hushuka joto linapopanda. Ishike kwa vidole viwili. Namba ishuke taratibu. Ikirukaruka au isiposogea, sensa imekufa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gazi.

Hewa ni ya moto sana lakini haina nguvu, kisha inazima

Vumbi. Kati ya mwezi wa tano na wa kumi, vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia kila mahali, na filta inaziba kabla hujageuka.

Wakati wa kupasha, koili ya ndani ndiyo ya moto. Hewa isipopita ya kutosha kuondoa joto lake, koili inapanda, na ikikaribia digrii 55 hadi 60 kadi ya mashine inaanza kujilinda: mara nyingi inasimamisha feni ya nje kwanza, na ikishindikana inazima kompresa. Ukitoka nje ukakuta kompresa inanguruma lakini feni imesimama, usikubali haraka kubadilisha mota ya feni. Rudi ndani uoshe filta kwa maji ya kawaida, uikaushe kivulini, uirudishe, ujaribu tena. Feni ya nje ikiendelea kuzunguka bila kusimama, mota haikuwa na kosa.

Pazia linaloning'inia mbele ya mashine linaleta tatizo lilelile. Na lile gurudumu refu la feni ya ndani, likishika vumbi kati ya meno yake, hewa inapungua hata filta ikiwa safi. Hapo panahitaji fundi mwenye subira na brashi. Wakati wa vumbi, filta ioshwe kila wiki mbili. Wanaokaa kando ya barabara ya udongo, kila wiki.

Alfajiri upepo unakoma, mashine ya nje inatoa moshi

Si moshi, ni mvuke. Koili ya nje inapochota joto huwa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Nje kukiwa na digrii 5 au 6, yenyewe inaweza kushuka chini ya sifuri, na unyevu wa hewa ukagandia hapo. Mashine ikihisi barafu inageuza valvu ya njia nne, inarudisha joto nje ili kuiyeyusha. Feni zote mbili zinasimama, unasikia "pshii", maji yanatiririka ukutani. Dakika 3 hadi 10, kisha inarudi kupasha. Anayekimbia kukata umeme kwa hofu anaiacha na barafu yake, na mzunguko unaanza upya.

Baridi yetu ni kavu, kwa hiyo jambo hili lisitokee mara nyingi. Likirudi kila nusu saa, au ukiona barafu bado ipo jua likiwa limepanda, koili ya nje ni chafu, au feni ya nje imechoka, au hapo ndipo gazi inaweza kushukiwa.

Usichanganye na hili: ukiwasha tu, feni ya ndani inakaa kimya dakika moja hadi chache. Inasubiri koili ipate moto isikupulizie baridi.

Jioni vizuri, saa kumi alfajiri baridi

Kitufe cha usingizi, chenye alama ya mwezi. Wakati wa kupasha, kitufe hicho kinashusha namba yako taratibu, kwa kawaida digrii moja baada ya saa moja, nyingine baada ya saa ya pili. Uliweka 22, usiku wa manane ni 20, na nje ndiyo saa ya baridi kali. Kiondoe.

Asubuhi inapasha, mchana inapoza

Umeiacha kwenye "Auto". Mwezi wa saba hapa alfajiri inaweza kuwa digrii 7 au 8 na mchana 25 hivi. Kwenye Auto mashine inaamua yenyewe: asubuhi inalipia umeme kuingiza joto, saa nane mchana inalipia umeme kulitoa. Mwenye mita ya kulipia kabla anashangaa yuniti zimekwenda wapi. Chagua alama ya jua, na mchana zima kabisa ufungue madirisha ya upande wa jua.

Angalia pia baada ya umeme kukatika na kurudi: klima nyingine zinakumbuka ulichoweka, nyingine zinarudi Auto bila kukuambia.

Taa inakufa, inarudi, inakufa

Huu ni umeme. Saa moja jioni, majiko yote ya mtaa yakiwaka, 220 ya kwenye karatasi inaweza kuwa 180 kwenye plagi yako. Klima isiyo ya inverta hapo inanguruma bila kuanza, au inaanza na kuzimwa na kinga ya joto iliyo kwenye kompresa. Kinga hiyo ikikata (hapo taa ya ndani haifi), inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kupoa, ndiyo maana watu husema "imekufa, halafu imefufuka". Kapasita (kifaa kinachoisaidia kompresa kuanza) iliyochoka inaleta ishara hizohizo hata umeme ukiwa mzuri, na fundi anaipima kwa dakika moja.

Wengi wana stabilizateri, kifaa cha kusawazisha volti. Ikiwa ni ndogo, kompresa inapoanza volti zinaanguka, stabilizateri inakata, inahesabu, inarudisha, na mchezo unaendelea usiku kucha. Stabilizateri ya friji haitoshi klima. Nyuma au mbele yake mara nyingi kuna kitufe cha kuchelewesha, sekunde chache au dakika 3: kwa klima ni dakika 3 siku zote.

Pima volti kwenye plagi wakati ule kompresa inapoanza, usipime ikiwa imetulia. Zikianguka kutoka 210 hadi 175, waya ni mwembamba au kuna kiungio kilicholegea. Klima ya 9000 au 12000 ipewe waya wake wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye disjonkteri (swichi kuu inayokata umeme), kubwa zaidi ipewe wa 4. Kisha gusa plagi baada ya robo saa. Ikiwa ya moto, ibadilishwe leo.

Haijawahi kutoa joto hata siku moja

Soma kibati cha mashine ya nje. Kikionyesha uwezo wa kupoza peke yake, ulinunua klima ya baridi tu. Alama ya jua kwenye telekomande haithibitishi kitu, kwa sababu kiwanda kinatoa telekomande moja kwa aina zote mbili.

Na gazi je?

Gazi ikipungua, joto linapungua, kwa hiyo chumba hakifiki namba na kompresa haizimi. Ishara ya kawaida ni mashine inayofanya kazi saa nzima na hewa vuguvugu, kinyume na inayozimazima. Ikizidi kupungua sana ndipo ulinzi unapoingia, na hapo taa ingekuambia. Weka kipimajoto kwenye mdomo wa kutolea hewa baada ya robo saa: klima nzima hutoa hewa ya digrii 35 hadi 45 hivi. Ikitoa 26, angalia barafu iliyoshika sehemu moja tu ya koili ya nje, na mafuta kwenye nati za mabomba. Gazi haiishi kama mafuta ya gari. Imepungua kwa sababu kuna tundu, na tundu lizibwe kwanza.

Fundi akifika na geji ya kupimia msukumo wa gazi, mwangalie anapoifunga. Kituo cha kupimia cha klima hizi kiko kwenye bomba nene. Wakati wa kupoza bomba hilo lina msukumo mdogo. Wakati wa kupasha linabeba gazi ya moto inayotoka kwenye kompresa, na kwa gazi ya aina ya R410A msukumo ni bar 25 au zaidi. Anayesoma hapo kama vile ni mwezi wa kumi atasema gazi imezidi, ataipunguza, na ndipo utakapokuwa na tatizo la gazi kweli. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibati kwa gramu. Gazi inatolewa yote, mabomba yanavutwa hewa kwa pampu, kisha inaingizwa kwa mizani. Fundi aliyekuja bila mizani, mwombe arudi nayo.